Kinengenenge na Elimu ya Majina

Qur'ani inataja majina kwa namna mbili zisizofanana. Katika Suratul Baqara, Mwenyezi Mungu anamfundisha Nabii Adam majina ya vitu vyote, kisha anawataka malaika wayataje, nao wanakiri kuwa hawana elimu isipokuwa ile waliyofundishwa. Hapo jina ni elimu, na elimu hiyo ndiyo iliyompa binadamu cheo chake. Katika Suratun Najm mambo ni mengine. Masanamu waliyoyaabudu watu wa Makka yanaelezwa kuwa si lolote ila majina waliyoyabuni wao na wazee wao, bila ya hoja wala dalili. Hapo jina ni ganda lisilo na kiini.

Nataka kujua majina tunayowapa ndege yamo upande gani. Tunaposema kiumbe huyu ni aina moja, na yule anayefanana naye sana ni aina nyingine, je, tumeutambua mpaka aliouweka Mungu, au tumebuni mpaka wetu kisha tukauamini?

Swali hili kwangu si la kupitisha wakati. Nasomesha bayolojia skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba, na jioni nasomesha chuoni, yaani madrasa ya Qur'ani. Watoto ni wale wale. Asubuhi wananiita mwalimu, jioni wananiita ukhti. Asubuhi nawafundisha jinsi viumbe wanavyopangwa kutoka himaya mpaka spishi, yaani aina. Jioni tunasoma kwamba Mungu ndiye Muumba wa kila kitu. Kwa hiyo haikunishangaza msichana mmoja wa kidato cha tatu aliponiuliza chuoni, msahafu ukiwa wazi mbele yake, "Ukhti, Mungu kaumba ndege, au kaumba aina?"

Nikamwambia, "Mwanangu, hilo limewashughulisha wakubwa kabla yako."

"Basi tuanze na kinengenenge," akasema, "maana huyo tunamwona."

Alichagua vizuri kuliko alivyojua. Kinengenenge wa Pemba hana makuu. Ni ndege mdogo kuliko shomoro, mgongo kijani kilichochanganyika na manjano, tumbo manjano, na kuzunguka jicho ana duara la vinyoya vyeupe, vidogo na laini kama hariri, lililokatika kidogo kwa mbele. Hatulii peke yake. Vinengenenge huenda kwa kundi, wakiitana kwa sauti nyembamba isiyokatika, wakitoka mkarafuu huu kwenda mwembe ule, wakipekua vidukari chini ya majani na kunyonya maua kwa ulimi ambao ncha yake imechanikachanika kama burashi. Kiota chao ni kikombe kidogo kinachoning'inizwa kwenye panda ya tawi na kufungwa kwa utando wa buibui. Aliyekulia Pemba amewasikia maisha yake yote, hata kama hajawahi kusimama kuwatazama.

Huyu tunayemwona uani hayuko kwingine kokote duniani isipokuwa kisiwa chetu na vijisiwa vyake. Mkondo wa bahari unaotutenga na bara una kina cha mita 800 hivi. Zama za barafu, maji yalipopungua baharini na Unguja ikaungana na bara, Pemba ilibaki kisiwa. Ndege waliofika hapa walifika kwa mbawa zao au kwa upepo, na wachache waliobaki wakawa wetu peke yetu: kinengenenge, chozi wa Pemba, ninga wa Pemba na bundi mdogo wa usiku. Mwaka 1924 David Bannerman, mtaalamu wa ndege wa Uingereza, alimwandika kinengenenge wetu kwa jina la kisayansi Zosterops vaughani, kwa heshima ya Vaughan, ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akifanya kazi Zanzibar. Wazee wetu walikuwa na jina lao siku nyingi kabla ya hapo.

Vinengenenge ni mtihani mgumu kwa mtu yeyote anayetaka kujua kama aina ni kitu cha kweli. Jenasi yao ya Zosterops ina aina zaidi ya 100, zimetapakaa kuanzia Afrika, zikavuka Bahari ya Hindi na Asia mpaka visiwa vya Pasifiki. Utafiti wa DNA uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu utitiri wote huo umetokea ndani ya miaka milioni mbili tu, na kwa historia ya viumbe huo ni muda mfupi ajabu. Ni ndege wasiochelewa kuvuka bahari, na wakishafika mahali wasiochelewa kuwa tofauti na waliowaacha. Huku na huku umbo ni lile lile: kijani, manjano, duara jeupe. Anayetafuta mipaka ya wazi atachoka hapa haraka.

Niliwahi kufuatana na watafiti wa ndege katika msitu wa Ngangao, Milima ya Taita, nchini Kenya. Ukiwa bondeni kwenye nyika ya Tsavo, pamekauka, mbuyu mmoja hapa, miiba kule, huwezi kufikiri kuwa huko juu kuna msitu wa mawingu. Ngangao yenyewe ni kipande cha hekta 120 hivi kilichokaa juu ya mgongo wa mlima, na mashamba ya mahindi na maharage yanafika mpaka mguuni pa miti. Tuliingia kabla ya jua, ukungu haujainuka. Nyavu walizotega ni za nyuzi nyeusi nyembamba mno. Nilipita karibu ya mmoja bila kuuona mpaka mzee wa Kidawida, mwenyeji wa milima hiyo, aliyekuwa akituongoza aliponishika mkono wa kanzu.

Ndege aliyenaswa alitiwa katika kifuko cha kitambaa, akapelekwa kwenye meza ya kukunja chini ya mti. Mzee akamtoa, akanikabidhi.

"Mshike hivi, mwalimu. Shingo ikae katikati ya vidole viwili, mwili ulale kiganjani. Kifua usikibane. Ndege anapumua kwa kutanua kifua. Ukikibana umemziba pumzi."

Nilikuwa nimeshika kitu cha gramu kumi hivi. Moyo wake ulikuwa unapiga kwa kasi kiasi kwamba sikuweza kuyahesabu mapigo. Niliusikia kama mtetemo mmoja usiokatika. Wakapima mguu na mdomo kwa kalipa, wakanyoosha bawa juu ya rula, wakapuliza manyoya ya kifuani ili ngozi ionekane na wajue ana mafuta kiasi gani. Kijipete chepesi chenye namba kikafungwa mguuni. Muda wote nilikuwa natazama uso. Duara lake la jicho lilikuwa pana kuliko la kinengenenge wetu kwa mbali sana. Koo lilikuwa la manjano, lakini tumbo, badala ya manjano niliyoizoea, lilikuwa kijivu.

"Huyu si kama wa kwetu," nikasema.

"Wa kwenu ni wa kwenu," mzee akajibu. "Huyu ni wa Taita na Kasigau, basi."

Akafungua vidole vyangu, ndege akaondoka.

Kauli ya mzee ilikuwa fupi na sahihi, lakini vitabu havikuwa na umoja kama huo. James Peters na Arthur Loveridge, wa makumbusho ya Chuo Kikuu cha Harvard, walimwandika ndege huyo mwaka 1935 kwa jina Zosterops silvanus. Baadaye akawa anapanda na kushuka. Kuna orodha zilizomhesabu kuwa aina kamili, na kuna vitabu vilivyomtia ndani ya kinengenenge wa milimani, pamoja na wale wa Kilimanjaro, wa Upare, wa nyanda za juu za Kenya na wa Ethiopia. Ndege mwenyewe hakubadilika hata unyoya mmoja. Alikuwa pale pale Ngangao akila matunda yale yale.

Hapo ndipo wengi husema, "Umeona? Aina ni makubaliano ya watu tu." Sikubaliani nao, na sababu yangu ni kilichopatikana baadaye. Mwaka 2014 zilichapishwa tafiti zilizolinganisha DNA na sauti za vinengenenge wa Afrika Mashariki. Iligundulika kwamba wa milimani, waliokuwa wakihesabiwa ukoo mmoja kwa kuwa wanafanana na wanaishi mahali panapofanana, si ukoo mmoja. Wapo ambao jamaa zao wa karibu zaidi ni wa mabondeni, si wale wa mlima wa pili. Vinengenenge wa nyika, wale wa rangi iliyofifia wanaopatikana chini huko kwenye miiba, walionekana kuwa karibu kitu kimoja katika eneo kubwa, kwa sababu hakuna kinachowazuia kukutana. Wa milimani, kila mlima ulikuwa na damu yake na sauti yake. Kama aina zingekuwa makubaliano matupu, makubaliano yangebaki kama yalivyokuwa, kwa kuwa yalikuwa rahisi na wote waliyazoea. Kuna kitu kilichoyakatalia, na kitu hicho kimo ndani ya ndege wenyewe.

Hata hivyo, lazima niwe mwadilifu kwa upande wa pili pia. Nani aseme tofauti imefika kiasi cha kutosha? Mwaka 1942 mwanabayolojia Ernst Mayr alieleza kuwa aina ni jumuiya ya viumbe wanaozaliana wenyewe kwa wenyewe na wasiozaliana na wengine. Ni maelezo mazuri kwa ndege wanaoishi msitu mmoja. Lakini kinengenenge wa Taita na wa Upare wametenganishwa na nyika, hawakutani, na hakuna atakayejua wangefanya nini wakikutana. Kwa ajili ya mashaka kama hayo, mwaka 2010 Joseph Tobias na wenzake walitoa utaratibu wa alama. Tofauti ya rangi inapewa alama zake, ya vipimo alama zake, ya sauti alama zake. Zikifika 7, inahesabiwa kuwa ni aina mbili. Naupenda utaratibu huu kwa uaminifu wake, maana unamlazimu mtu aonyeshe hesabu yake mbele ya wenzake. Hata hivyo, ile 7 haikuteremshwa kutoka mbinguni. Imewekwa na watu waliokaa wakatazama jozi za ndege ambao tayari wanakubalika kuwa aina mbalimbali, wakachagua pa kukata.

Basi tofauti ni ya kweli, na pa kukata pamechaguliwa. Mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja, na nadhani sisi watu wa pwani tunayo njia ya kuyaelewa bila kuumia kichwa, kwa sababu tunaijua nasaba. Mgeni akiingia kijijini Pemba huulizwa yeye wa kwa nani kabla hajaulizwa anataka nini. Kila mtu ana baba, babu na babu wa babu, na hakuna aliyebuni jambo hilo. Lakini ukoo mmoja unapogawanyika ukawa koo mbili, hakuna siku unayoweza kuitaja kuwa siku hiyo ndipo walipoachana. Kila mtoto alizaliwa na mama wa ukoo wake. Ndugu wawili walihamia pande mbili, watoto wao walitembeleana, wajukuu wakatembeleana kidogo, vitukuu wakasahauliana. Leo ni koo mbili, na anayesema ni moja tu anakosea, na anayetaka aonyeshwe tarehe anataka kisichokuwepo. Kwa ndege ni hivyo hivyo. Hakuna kifaranga aliyewahi kutoka yaini akiwa aina nyingine mbali na mama yake, na juu ya hayo kinengenenge wa Pemba na wa Taita si wamoja.

Hili ndilo nililomjibu yule msichana, kwa maneno machache zaidi: Mungu kaumba ndege, kila mmoja na mama yake na baba yake, na kaumba nasaba inayowaunganisha. Aina ni jinsi sisi tunavyoisoma nasaba hiyo.

Akauliza swali la pili, nililolingoja. "Kwa hiyo hakuwaumba kila mmoja na aina yake?"

Wako masheikh ninaowaheshimu sana ambao hawakubali kuwa aina hutokana na aina, na sikai nao kwa mashindano. Ila mimi naona hivi. Mungu ameniumba, na mama yangu amenizaa. Kauli hizo mbili hazijawahi kugombana kinywani mwa Mwislamu yeyote. Hakuna anayesema kwamba kwa kuwa nilikaa miezi tisa tumboni, nikakua kidogo kidogo, basi Mungu hakuhusika. Ikiwa kuzaliwa kwangu kwa hatua hakukumwondolea Muumba uumbaji wake, sioni kwa nini kuzaliwa kwa aina kwa hatua, katika miaka laki kwa laki, kumwondolee. Qur'ani haikutupa orodha ya aina. Imetuambia tutembee duniani tutazame jinsi uumbaji ulivyoanza. Amri ya kutazama ina maana gani ikiwa jibu la macho tumeshalikataa kabla ya kutoka nyumbani?

Na waliotutangulia walitazama. Al-Jahiz wa Basra, katika karne ya tisa, aliandika kitabu kikubwa juu ya wanyama ambamo anachunguza tabia zao na jinsi mahali panavyowabadilisha. Al-Damiri, aliyefariki Cairo mwaka 1405, aliwapanga wanyama kwa herufi, na kwa kila mmoja akaeleza sifa zake, yaliyopokewa juu yake, na hukumu ya kumla. Hukumu ndiyo iliyolazimisha uangalifu. Ndege wenye makucha ya kuwindia hawaliwi. Kwa hiyo mwanachuoni wa fiqhi asiyejua kumpambanua mwewe na njiwa hawezi kutoa fatwa juu ya sahani iliyo mbele yake. Kuwatambua ndege na kuwapanga kumekuwa sehemu ya dini yetu kwa muda mrefu, na wanaosema kuwa mambo haya ni ya Wazungu wasiokuwa na kazi wanaisahau maktaba yao wenyewe.

Sasa narudi kwenye namna mbili za majina. Nadhani jina la aina, likitamkwa na binadamu, si la Suratul Baqara moja kwa moja, kwa sababu sisi si Adam na hatukufundishwa yote. Wala si la Suratun Najm moja kwa moja. Jina la aina ni ushahidi. Anayelitoa anasimama mbele ya watu na kusema: nimewaona hawa, nimewalinganisha na wale, na naapa kwa elimu yangu kuwa ni mbali mbali. Shahidi ana wajibu. Katika Suratul Israa tumekatazwa kulifuata tusilokuwa na elimu nalo, kwani masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Na shahidi mkweli, hoja yenye nguvu zaidi ikija, hurejea katika ushahidi wake.

Mifano ya kurejea ipo, tena inagusa moyo. Mwaka 1964 kaskazini-magharibi ya Zambia alipatikana ndege mdogo wa jamii ya vitororo, kifua cheupe pasipotarajiwa weupe. Alikuwa mmoja tu. Mwaka uliofuata alitangazwa kuwa aina mpya, akapewa jina Pogoniulus makawai, kwa heshima ya Jali Makawa, mtu wa Malawi aliyemkusanyia ndege mtaalamu Constantine Benson kwa miaka mingi na aliyewajua ndege wa misitu kuliko wengi walioandika vitabu. Nilifurahi niliposoma hivyo, kwa maana majina mengi ya ndege wetu ni ya maofisa na wake zao, na hapa lilikuwapo jina la Mwafrika aliyeifanya kazi yenyewe. Watu walimtafuta ndege huyo tena na tena, hawakumwona. Mwaka 2018 DNA ya yule mmoja aliyehifadhiwa Uingereza ilichunguzwa, na ikaonekana anaingia ndani ya aina ya kitororo anayejulikana sana. Jina limebaki bila mwenyewe. Iliniuma kwa ajili ya Makawa, lakini sitaki tuyaweke majina kwa huruma. Heshima ya Makawa ni elimu yake, nayo haikutenguka.

Mfano wa pili ni wa Somalia. Mwaka 1988 huko Buulobarde alionekana tiva ambaye rangi zake hazikulingana na za tiva yeyote aliyejulikana. Naye alikuwa peke yake. Desturi ya elimu hii kwa karne nyingi ilikuwa kumuua ndege, kumkausha na kumweka kwenye droo ya makumbusho awe kielelezo cha jina lake. Waliomkamata huyu walifikiri kuwa huenda ni wa mwisho, wakachukua damu na manyoya tu, wakamtunza, na mwaka 1990 wakamwachia huru nchini Somalia. Mwaka 1991 walimtangaza kuwa aina mpya. Wapo wataalamu waliokasirika, wakasema jina bila mzoga si jina. Mwaka 2008 DNA ikaonyesha kuwa hakuwa aina mpya bali ndege wa aina inayojulikana, mwenye rangi isiyo ya kawaida.

Najua wanaolitumia tukio hilo kuonyesha kuwa kumwachia kulikuwa kosa. Mimi naliona kinyume kabisa. Damu na manyoya machache yalitosha kuusahihisha ushahidi. Ndege akaishi. Jina lilifutika, na kumtendea wema hakukufutika, kwa sababu wema ule haukuwa juu ya jina.

Hapa ndipo penye uzito wa swali lote. Sheria, fedha za uhifadhi na orodha za viumbe walio hatarini hufuata majina. Ndege akihesabiwa kuwa aina, hupata mstari wake katika orodha. Akihesabiwa kuwa tawi la aina iliyoenea, anaweza kutoweka mlimani pake na hesabu ya dunia isipungue hata moja. Kinengenenge wa Taita leo anatambuliwa kuwa aina, na yumo katika walio hatarini. Vipande vya misitu vilivyobaki Taita vinahesabika kwa vidole. Kwa hiyo mtu anayekaa maabara akilinganisha herufi za DNA anaamua, bila kutaka, ni mlima gani utakaopata walinzi. Ninawaombea watu hao uaminifu wa kadhi, maana wamekalia kiti chake.

Lakini dini yetu haikuungoja uamuzi wao. Katika Suratul An'am tumeambiwa kuwa hakuna mnyama atembeaye ardhini wala ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ila ni umma kama sisi. Na Abu Dawud amepokea kutoka kwa Ibn Mas'ud kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuwa safarini, masahaba walichukua makinda mawili ya ndege mdogo, na mama akaja akipigapiga mbawa juu yao. Mtume akauliza nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamuru warejeshwe. Hakuuliza aina yake, wala kama wako wengi au wachache. Ndege alikuwa na makinda na alikuwa na uchungu, hukumu ikatoka.

Kwa hiyo nawakatalia watu wa pande mbili. Anayesema aina zote ni ubuni wa binadamu, kwa hiyo tusisumbuke kuzijua, anautupa ushahidi aliotakiwa kuutoa. Naye atauliza nini Ngangao ikikatwa, akiwa hajui kilichokuwemo? Na anayesema kiumbe ana thamani pale tu anapothibitishwa kuwa aina pekee, ameifanya orodha kuwa mungu wake mdogo, na hapo ndipo majina yanapogeuka kuwa yale ya Suratun Najm. Elimu ya majina ni ibada madhali tunakumbuka kuwa tunashuhudia, hatuumbi.

Yapo mambo mawili ninayowaomba wenzangu wa Pemba. Wazazi, wakatazeni watoto kutega ulimbo kwenye mipapai na mikarafuu. Ulimbo haumbagui kinengenenge na ndege mwingine, na manyoya yaliyogandana hayarudi kuwa manyoya. Anayeponyoka hufa kwa njaa kwa kushindwa kuruka. Na walimu, wa skuli na wa chuoni, wapelekeni watoto msitu wa Ngezi alfajiri wakiwa na daftari. Waandike walichokiona, rangi ya tumbo, upana wa duara la jicho, mti, saa na tarehe, na wasipokuwa na hakika waandike kuwa hawana hakika. Madaftari hayo yawekwe skuli, yasitupwe mwisho wa mwaka, kwa sababu atakayeulizwa miaka 50 ijayo kuhusu ndege wa kisiwa hiki atahitaji mashahidi waliokuwepo.